Uvimbe wa Shingoni Unaouma: Maneno kwa Vinyozi na Wasusi wa Tanga

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Mlipoomba daktari aje kuzungumza nanyi, nadhani mlimtarajia yule wa kusema juu ya Ukimwi na nyembe, maana hiyo ndiyo mada mnayoletewa kila mara. Mimi nimeomba niseme juu ya shingo. Ni tabibu wa masikio, pua na koo, na shingo naishika kila siku, lakini naishika mtu akishaugua. Ninyi mnaishika akiwa mzima, anacheka, anajiandaa na harusi au Idi. Kinyozi anamwinamisha mteja, mashine inapita kisogoni, mteja anaruka: "Aa, taratibu, hapo panauma!" Unapapasa, unakuta kinundu. "Hiki nini, fundi?" Na fundi hakosi jibu. Mmoja atasema ni mtoki tu, mwingine ni jipu linakuja, mwingine umelalia vibaya, kanda kwa maji ya moto. Mteja analipa, anaondoka na jibu hilo, na huenda akakaa nalo miezi minne. Basi leo tulitengeneze jibu hilo vizuri.

Shingoni mwa binadamu mna tezi ndogondogo zinazokaribia mia tatu. Sizungumzii ile tezi kubwa ya mbele ambayo ikivimba huitwa rovu. Hiyo nitaigusa baadaye. Hizi ni tezi za limfu. Kwa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huzipati kwa kidole, au utapata moja mbili chini ya taya, hazifiki sentimita moja, laini, zinateleza. Kwa watoto ni jambo la kawaida kabisa kuzikuta. Kazi yake ni kupokea maji yaitwayo limfu kutoka sehemu fulani ya mwili, pamoja na vijidudu vilivyomo, na kuyachuja kabla hayajarudi kwenye damu. Ifikirieni mizani ya malori barabarani. Lori linalotoka upande ule halina njia nyingine, litapita pale. Ukikuta foleni ndefu kwenye mizani, usiilaumu mizani. Uliza malori yanatoka wapi.

Hilo ndilo swali nililokuja nalo, na kwa sehemu kubwa ndiyo hotuba yangu nzima. Kinundu cha shingoni kinachouma mara nyingi hakina kosa. Tezi za kisogoni hupokea kutoka kwenye ngozi ya kichwa. Za chini ya taya hupokea kutoka kwenye meno, fizi, ulimi na midomo. Iliyo pembeni, chini kidogo ya pembe ya taya, ni ya koo na mafindofindo. Na zile za chini kabisa, kwenye kishimo kilicho juu ya mtulinga, hupokea kutoka mbali: kifuani, hata tumboni.

Tuanze kisogoni, eneo lenu la kazi. Mtoto wa shule analetwa kunyolewa, mama yake anasema shingo inamuuma, na kweli nyuma ya shingo pana vinundu viwili vitatu, akiguswa anakunja uso. Kabla hujaiwazia shingo, tazama kichwa. Mara nyingi utakuta mapunye: mabaka yenye magamba, nywele zimekatika. Pengine utakuta chawa, au vidonda vya kujikuna. Yako mapunye yanayochachamaa, sehemu ya kichwa inavimba, inakuwa tepetepe, inatoa usaha, mtu akaona jipu. Si jipu, na hapapasuliwi. Wala mafuta ya kupaka peke yake hayaponyi mapunye ya kichwani, kwa sababu fangasi wamejichimbia kwenye mzizi wa unywele. Mtoto anahitaji vidonge, kwa kawaida wiki sita hadi nane. Mapunye yakipona, vinundu vya shingoni navyo vinarudi polepole, bila mtu kuvigusa.

Hapa niseme neno ambalo halitawapendeza wote. Mapunye yanasafiri kwa mashine, vitana na taulo. Kuipangusa mashine kwa spiriti mbiombio huku mteja wa pili ameshakaa kitini ni kumridhisha mteja tu. Vinyweleo vilivyonasa kwenye meno ya mashine vitolewe kwanza kwa brashi, ndipo spiriti, na spiriti iachwe ikauke yenyewe. Na mtoto mwenye mapunye yaliyo wazi asinyolewe kwa mashine ya watu wote, hata mama akibembeleza.

Dada zangu wasusi, nanyi mna lenu. Mteja anatoka kwenye kiti nywele zimevutwa hadi nyusi zimepanda, mtaani anasifiwa kwamba huyo kasukwa. Siku tatu nne baadaye pembezoni mwa nywele pametoka vipele vyenye usaha, na nyuma ya sikio pamevimba panauma. Anakuja kwangu akidhani ana ugonjwa wa sikio. Tiba yake ya kwanza ni kufumua. Lakini kama ni mtoto aliyekuwa anatoka usaha sikioni, na sasa nyuma ya sikio pamevimba hadi sikio limesukumwa mbele, hapo sahauni habari za nywele. Ni mfupa ulio nyuma ya sikio umeingiwa na usaha, na mtoto huyo anakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Vipele vya kisogoni vya wanaume mnavijua kuliko mimi. Unywele mgumu uliokatwa hadi chini ya ngozi unapinda, unarudi ndani, panavimba, na baadaye pengine yanabaki makovu manene. Mteja wa namna hiyo asinyolewe hadi ngozi. Acheni nywele kidogo. Lipo pia jipu la ukosini lenye midomo mingi, linauma vibaya, linatokea hasa kwa watu wazima. Ukiliona hilo, mwambie mteja apimwe sukari. Wapo watu wazima wanaogundulika na kisukari kwa njia hiyo.

Na kwa kuwa tuko kisogoni, niwaombe jambo. Ile huduma ya mwisho, mteja akishanyolewa unamkanda mabega, halafu unakishika kichwa na kukizungusha kwa ghafla mpaka shingo ilie: acheni. Ndani ya mifupa ya shingo mnapita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ikizungushwa kwa nguvu ukuta wake unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda pale, na mtu akapata kiharusi. Haitokei mara nyingi, ndiyo maana mnaona mnafanya kila siku na watu wanashukuru. Ila huyo mmoja hatarudi kukushukuru. Bega likandeni mpendavyo. Shingo yenye kinundu kinachouma isikandwe kabisa.

Tushuke chini ya taya. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa mtu anaweza kufa kwa jambo lililoanza na jino.

Habari yenyewe huwa hivi. Gego la chini limetoboka. Linauma usiku, mtu anaweka karafuu, anakunywa dawa ya maumivu, anafika duka la dawa ananunua vidonge vya antibiotiki vya siku mbili kwa sababu ndiyo hela aliyonayo. Maumivu yanatulia. Anawaambia watu kapona. Hajapona, kiini cha jino kimekufa, ndiyo maana limenyamaza. Usaha uko chini ya mzizi unatafuta njia. Baada ya muda chini ya taya panatokea kinundu kinachouma, na yeye hakihusishi tena na jino, kwa sababu jino siku hizi haliumi. Anakuja kinyozi, anasema: fundi, usiguse hapa, nina mtoki. Muulize: una jino bovu? Fungua mdomo. Gego la mwisho, lile linalochelewa kuota, nalo lina vituko vyake: fizi inalifunika nusu, chakula kinaingia chini ya fizi, panaoza, taya linakaza.

Jino hilo likishughulikiwa mapema, kwa kuzibwa au kung'olewa, mambo yanaisha. Likiachwa, wengi watapata jipu la pembeni tu, litapasuliwa hospitali na kupona. Lakini wako ambao usaha unaingia chini ya ulimi na kusambaa pande zote mbili. Daktari Mjerumani, Ludwig, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na jina lake likabaki humo. Chini ya kidevu panajaa na kuwa pagumu. Sakafu ya mdomo inapanda, ulimi unasukumwa juu na nyuma. Mtu anadondosha mate kwa sababu hawezi kuyameza, sauti inabadilika, hawezi kulala chali. Kabla ya antibiotiki zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikufa, na kilichowaua ni kuzibwa pumzi. Siku hizi walio wengi wanapona, wakiwahi. Wakiwahi maana yake wakifika hospitali ya Bombo wangali wanapumua vizuri. Hapo haifai kusubiri asubuhi, wala haifai kupitia kwanza kwa mtu wa kuchanja. Na njiani asilazwe. Akae wima, ainamie mbele kidogo, kwani akilala ulimi unarudi nyuma na kuziba njia.

Kwa hiyo mkisikia mtu ana uvimbe wa shingo unaouma, pamoja na kushindwa kumeza mate, au kupumua kwa shida, au mdomo hafungui, au shingo imekaza na homa iko juu, hayo hayana mjadala. Bodaboda, bajaji, chochote kilichopo, aende sasa.

Chini ya taya hapohapo kuna uvimbe mwingine wenye tabia ya kuchekesha kidogo, ingawa mwenyewe hacheki. Unakuja wakati wa kula. Mtu akisikia harufu ya pilau, au akikamua ndimu kwenye supu, taya linajaa upande mmoja na kuuma. Saa moja baadaye limenywea. Hilo ni jiwe dogo limeziba mrija wa mate. Mate yanatengenezwa lakini hayana pa kutokea. Mawe mengi ya namna hii hukaa kwenye tezi ya mate iliyo chini ya taya. Akinywa maji mengi na kufyonza ndimu, jiwe dogo laweza kutoka lenyewe. Likikataa linatolewa, mara nyingi kwa kupitia mdomoni, bila kuikata shingo.

Matubwitubwi mnayajua. Mashavu ya mtoto yanavimba mbele ya sikio na chini yake, ncha ya sikio inanyanyuka, kutafuna kunauma. Vijukuu vinapakwa masizi, wenzao wanawacheka. Masizi hayadhuru, ila hayatibu. Ni kirusi, hakina haja ya antibiotiki, na kwa watoto wengi huisha chenyewe kwa wiki moja au zaidi kidogo. Chanjo wanayopewa watoto wetu kliniki ni ya surua na rubela, hii haimo, kwa hiyo tutaendelea kuyaona. Ninachotaka mkumbuke ni kijana aliyebalehe. Akiugua matubwitubwi, kisha korodani ikavimba na kuuma, aende hospitali asione haya. Na mtoto akionekana hasikii vizuri baada ya ugonjwa huo, apimwe masikio.

Tupande kwenye pembe ya taya. Kinundu kinachouma hapo, pamoja na homa na koo kuwaka, kwa watoto na vijana mara nyingi ni mafua yaliyoshuka au mafindofindo. Nyingi za hizo ni virusi, huisha zenyewe. Zile za bakteria zinahitaji dawa, na dawa imalizwe yote. Ikiwa koo linauma upande mmoja kuliko mwingine, mdomo haufunguki, mtu anaongea kana kwamba ana kiazi cha moto kinywani, basi nyuma ya findo kuna usaha. Huo unatolewa hospitali.

Halafu kuna kilimi. Najua humu ndani wapo waliokatwa wakiwa wadogo, na wapo wanaomjua mkataji. Mtoto akikohoa, akivimba shingo, akidhoofu, anasemwa ana kilimi kirefu, anapelekwa kukatwa kwa chuma kilichokata wengine kabla yake. Kilimi hakisababishi uvimbe wa shingo. Kikikatwa namna hiyo mtoto anaweza kuvuja damu hadi kufa, anaweza kupata pepopunda, na anaweza kupata usaha ndani ya shingo ambao hakuwa nao. Mtoto aliyepelekwa kwa kikohozi anarudi na shingo iliyojaa. Mkimsikia mama anapanga safari hiyo, tafadhali mzuieni kwa maneno mazuri. Nyinyi atawasikiliza zaidi yangu.

Mbele ya shingo nitapita haraka. Kinundu kilicho katikati, kinachopanda na kushuka mtu akimeza, kinahusu ile tezi kubwa. Rovu kwa kawaida haliumi. Likivimba ghafla na kuuma, huenda damu imevujia ndani ya kivimbe chake. Tezi ikiuma wiki chache baada ya mafua makali, maumivu yakapanda hadi sikioni, huwa ni uvimbe uliofuata kirusi. Inatulizwa kwa dawa za maumivu, na antibiotiki haina kazi hapo. Na mtoto mwenye kivimbe cha katikati kinachopanda akitoa ulimi, kikiingiwa na vijidudu kinauma na kuwa chekundu. Alizaliwa nacho, na huondolewa kwa upasuaji baada ya kupoa.

Wale mliotoka Lushoto mnaweza kuniuliza: na tauni je? Haki yenu kuuliza. Kuanzia mwaka 1980 na kwa miaka mingi baadaye tauni iliwasumbua watu wa milima ya Usambara, wakaugua maelfu. Mtoki wa tauni unauma sana, unakuja na homa ya ghafla na mwili kuvunjika, mara nyingi kinenani kwa sababu viroboto wanauma miguuni, lakini kwa watoto huweza kuwa kwapani au shingoni. Antibiotiki zinautibu ukiwahiwa. Mtu akiugua hivyo huku panya wanakufa hovyo nyumbani au shambani, aseme habari ya panya hospitalini. Asipoisema, mganga hatakuwa na namna ya kuijua.

Sasa nifike mahali ambapo nataka mnisikilize kuliko kote. Nimeitwa kusema juu ya uvimbe unaouma. Nami nawaambia kwamba uvimbe unaouma, kwa sehemu kubwa, si ule unaonikosesha usingizi. Maumivu maana yake mara nyingi ni kwamba mwili unapigana na kijidudu kilichoingia karibuni. Mwenyewe anakimbilia tiba kwa sababu hawezi kulala. Yule anayekuja kwangu akiwa amechelewa ni yule ambaye kinundu hakikumuuma. "Daktari, kingeuma ningekuja mapema." Nimelisikia neno hilo kwa wavuvi, kwa walimu, kwa watu wenye bima na wasio na bima.

Wa kwanza kati ya hao wanyamavu ni kifua kikuu cha tezi. Watu wengi wanadhani kifua kikuu ni kikohozi tu. Kinakaa pia kwenye tezi, na za shingo ndizo kinazozipenda. Vinundu vinakuja polepole, kwa wiki na miezi, viwili vitatu vinashikamana. Mwanzoni haviumi, au vinauma kidogo tu. Mtu anapungua, jioni anapata joto, usiku anatoka jasho, lakini si wote. Baadaye kinundu kinalainika, ngozi juu yake inageuka rangi, kinapasuka na kutoa maji mazito yasiyokoma. Kikipasuliwa kwa wembe mtaani, jambo ninaloliona mara kwa mara, kidonda hakifungi. Kinabaki tundu linalovuja mwaka mzima, na shati linalowa kolani.

Wafalme wa Uingereza na wa Ufaransa kwa karne nyingi waliaminiwa kuuponya ugonjwa huu kwa kumgusa mgonjwa. Samuel Johnson, yule aliyekuja kuandika kamusi kubwa ya Kiingereza, alipelekwa London akiwa mtoto mdogo mwaka 1712 akaguswa na Malkia Anne. Hakupona. Alikua na makovu shingoni. Nayataja hayo kwa sababu kila ninapoyasema, kuna mtu anayecheka, halafu mwaka huohuo jirani yake anapelekwa kuwekewa mikono na dawa za hospitali zinatupwa. Kuombewa sikukatazi. Aombewe huku anameza dawa. Robert Koch alikitangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na leo dawa zake zinatolewa bila malipo katika vituo vyetu, kwa miezi sita. Miezi sita kamili, si mpaka kinundu kiishe. Tena niwape tahadhari: wakati wa matibabu vinundu vinaweza kuvimba zaidi kwa muda kabla ya kupungua, na wengi huacha dawa hapo wakidhani haifanyi kazi. Msiwaache waache. Na kwa faida yenu: aliye na kifua kikuu cha tezi peke yake, mapafu yakiwa salama, hakuambukizi kwa kukaa kwenye kiti chako. Usimfukuze.

Mtu mwenye vinundu sehemu nyingi kwa pamoja, shingoni, kwapani, kinenani, apime pia virusi vya Ukimwi. Hiyo ni sehemu ya uchunguzi wa kawaida, wala haina maana kwamba umemhukumu.

Wa pili ni saratani. Kinundu kigumu, kisichosogea ukikisukuma, kinachokua, kimezidi wiki tatu, hakiumi. Mwenyewe amevuka miaka arobaini, anavuta sigara au anakunywa pombe kali, sauti imekauka, chakula kinakwama, pua inatoa damu upande mmoja, au sikio moja limeziba bila sababu. Kinundu hicho kimetoka kwenye kidonda kilichojificha mdomoni, kooni au nyuma ya pua. Kilicho kwenye kishimo cha juu ya mtulinga wa kushoto hata tumbo linatafutwa. Huyo haanzishiwi dozi ya tatu ya antibiotiki. Anapewa rufaa.

Watoto nao wana yao. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye taya lililovimba pande zote. Akaanza kuwafuatilia watoto wa namna hiyo, na uvimbe huo ukaja kubeba jina lake. Mwaka 1964 sampuli zilizosafirishwa kutoka Uganda kwenda London ndizo zilizotoa kirusi kiitwacho Epstein-Barr. Uvimbe huo huonekana hasa kwenye nchi za malaria nyingi, hii yetu ikiwemo, na unakua kwa kasi ya kutisha: jana shavu, wiki hii uso mzima, meno yanalegea. Ni katika saratani zinazosikia dawa vizuri sana, ndiyo maana kuchelewa kwake kunauma. Taya la mtoto likikua kwa siku, msiliite matubwitubwi.

Sasa mtamwambiaje mteja? Msimwambie ana saratani, wala msimwambie si kitu. Muulizeni mambo matatu: kimeanza lini, kinaongezeka, na una nini kichwani, mdomoni au kooni? Kinachouma, kilichoanza juzi, na sababu inaonekana, atibiwe sababu: jino, mapunye, koo. Anywe dawa ya maumivu, aweke kitambaa cha maji ya vuguvugu, asikikamue, asikichome, asichanjwe. Kikizidi, kikiwa chekundu na chepesi juu kama kina usaha, aende zahanati au kituo cha afya kikapasuliwe na mwenye kisu safi. Na kinundu chochote, kinauma hakiumi, kilichozidi wiki mbili tatu bila kupungua, kitazamwe na daktari. Mwambieni kwa upole, wakati anajiangalia kwenye kioo, si mbele ya foleni nzima.

Atawaambia anaogopa sindano. Wengi wanaamini uvimbe ukichomwa sindano au ukiguswa na chuma unasambaa. Sindano tunayotumia ni nyembamba, inavuta majimaji na chembe kidogo, zinapelekwa kutazamwa kwa hadubini na kupimwa kifua kikuu. Hiyo sindano haiisambazi saratani ya shingo. Kinachoifanya ionekane hivyo ni kwamba watu wanakuja kuchomwa ikiwa imeshasambaa, wakifa inalaumiwa sindano.

Nimesema sana, na naona wateja wawili wameanza kuchungulia mlangoni. Maswali nayakaribisha sasa. Mwenye swali la shingo yake mwenyewe, au ya mwanawe, anisubiri pale karibu na dirisha. Nitanawa mikono, nitaishika.